Koili na balasti: namna ya kuzioanisha kwenye gari la zamani

Gari linawaka ukiwa umeshikilia ufunguo kwenye stata. Ukiachia tu, linazima. Unarudia, linawaka, unaachia, linazima. Fundi wa kwanza atakwambia petroli haifiki, atafungua kabureta. Wa pili atabadilisha plagi. Ukiona dalili hiyo kwenye gari la miaka ya 1960 au 1970, kabureta iache kwanza. Tazama jirani na koili (mkebe unaokuza umeme wa betri uwe cheche ya plagi) kama kuna kipande cheupe cha kauri chenye waya mmoja kila upande. Hiyo ndiyo balasti, yaani rezista inayopunguza umeme unaokwenda kwenye koili, na karibu kila mara utakuta imekatika ndani.

Dalili ya pili ni kinyume chake. Asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka, lakini majirani wakisukuma hatua kumi tu gari linawaka na kutwa nzima halisumbui. Hapo balasti ni nzima, ila waya unaotakiwa kuiruka wakati wa kupiga stata haupitishi moto, yaani umeme.

Na kuna ya tatu, iliyonifundisha mimi. Nilikuwa natoka Moshi kwenda Dar na Datsun 120Y. Nilipokaribia Mombo, jua la saa nane, injini ikaanza kumisi, halafu ikazima kabisa. Koili haikushikika kwa joto, na shingoni mwake palikuwa na mchirizi wa mafuta meusi. Kijana mmoja wa pale akaloanisha kitambaa, akaifunika koili kwa dakika kumi, gari likawaka. Nikafika Korogwe, nikaloanisha tena. Niliporudi nyumbani na kufumua utepe mweusi karibu na koili, nikakuta aliyekuwa na gari kabla yangu aliunganisha nyaya mbili za balasti moja kwa moja, akaiacha balasti yenyewe imening'inia kama pambo. Koili iliyotengenezwa kuishi na mwenzake ilikuwa imeachwa peke yake.

Kwa hiyo nianze na jambo ambalo ukilishika, mengine yote yanafuata: koili na balasti ni kifaa kimoja kilichogawanywa vipande viwili. Usinunue kimoja bila kujua kipimo cha mwenzake.

Kwa nini vigawanywe

Mfumo wa pointi hauwezi kuvumilia umeme mwingi. Pointi ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana maelfu ya mara kwa dakika. Ukipitisha kama ampea 4 hivi vinadumu. Ukipitisha 8 au 9 vinaungua. Altaneta ikichaji, gari lina kama volti 14. Gawa 14 kwa ukinzani wa omu 3, unapata ampea 4.7. Basi omu 3, ikizidi au ikipungua kidogo, ndiyo jumla tunayoitafuta.

Omu hizo 3 zinaweza kupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni koili yenye omu 3 zote ndani yake, isiyohitaji balasti. Ya pili ni koili ya omu 1.5 au 1.6 ikisaidiwa na balasti ya kiasi hichohicho nje. Injini ikiwa inazunguka, hutaona tofauti kubwa. Tofauti huja wakati wa kupiga stata. Stata hula umeme mwingi, betri inashuka mpaka volti 10, au 9 ikiwa imechoka. Koili ya omu 3 hapo inapata ampea 3.3 tu, na cheche inadhoofika wakati ambapo injini baridi inaihitaji zaidi. Mfumo wenye balasti una ujanja wake: wakati wa kupiga stata, waya mwingine unairuka balasti na kupeleka umeme wote wa betri kwenye koili. Volti 10 kwa omu 1.6 ni ampea 6 na ushee. Cheche inakuwa nene. Ukiachia ufunguo, umeme unarudi kupitia balasti na koili inapumua.

Kosa la kwanza, basi, ni koili ya omu 1.5 bila balasti. Ukiacha ufunguo umefunguliwa injini ikiwa imezima na pointi zimegusana, koili inapokea zaidi ya ampea 8, yaani joto la zaidi ya wati 100 ndani ya mkebe unaoenea kiganjani. Ndiyo yaliyonikuta, ila mimi nilichomwa polepole kwa sababu injini ilikuwa inazunguka.

Kosa la pili ni koili ya omu 3 iliyofungwa nyuma ya balasti. Hili haliui kitu, ndiyo maana linakaa miaka bila kugunduliwa. Jumla inafika omu 4.6, ampea zinashuka mpaka 3, na gari linakuwa zito kuwaka na linamisi mlimani. Mwenye gari anabadilisha plagi kila baada ya miezi mitatu na hapati nafuu.

Hatua ya 1: usiamini maandishi

Koili za aina zote mbili huandikwa volti 12, na mkebe ni uleule. Zile za balasti mara nyingi huwa na maneno ya Kiingereza yanayoelekeza zitumike na rezista ya nje, lakini karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kubanduka. Nimekuta pia koili mpya ambayo boksi lake linasema hivi na mita inasema vile. Ukienda Gerezani ya Dar au Grogan ya Nairobi kununua koili, nenda na mita yako ya umeme. Muuzaji anayejua kazi yake hatakukataza kupima.

Inasaidia kujua gari lilitoka kiwandani likiwa na mfumo gani. Volkswagen Beetle ya volti 12 haina balasti. Koili yake ni ya omu 3 na zaidi kidogo. Land Rover Series III ya silinda nne, vilevile haina. Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ina balasti ya omu 1.6 iliyofungwa kwa nje na kuonekana wazi. Mtego uko kwenye Ford Escort na MGB za kuanzia katikati ya miaka ya 1970: balasti ipo lakini huioni, kwa sababu si kauri bali ni waya maalumu wenye ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Mtu anatafuta kauri, haioni, anahitimisha gari halina balasti, anafunga koili ya omu 3. Hapo hapo ameingia kwenye kosa la pili.

Hatua ya 2: pima koili

Zima ufunguo. Chomoa nyaya zote kwenye vichwa viwili vidogo vya koili. Ukiacha hata mmoja, mita itapima na vitu vingine vya gari. Weka mita kwenye omu 200. Kabla ya kugusa koili, gusanisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe. Hazitasoma sifuri. Yangu husoma 0.4. Andika namba hiyo, kwa sababu utaitoa kwenye kila kipimo. Kwenye vipimo vidogo namna hii ndiyo inayotenganisha koili moja na nyingine.

Sasa gusa kichwa kimoja cha koili kwa ncha moja na cha pili kwa nyingine. Kwaruza kidogo kutu iliyopo, ubonyeze kwa nguvu. Mita ikisoma 2.0, toa 0.4, umebaki na 1.6. Hiyo ni koili ya balasti. Ikisoma 3.5, ukitoa unapata 3.1: hiyo inajitegemea. Ukipata kama 0.7 au chini ya hapo, hiyo ni koili ya mfumo wa elektroniki. Usiifunge kwenye pointi kabisa, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Pima pia kutoka kichwa chochote kidogo kwenda kwenye tundu la katikati linaloingia waya mnene. Badilisha mita iende kwenye kiloomu 20. Koili nyingi za aina hii husoma kati ya kiloomu 6 na 15. Ikionyesha haina mwisho, waya wa ndani umekatika.

Kama unaweza, rudia vipimo koili ikiwa imetoka kazini, bado ya moto. Omu zitapanda kidogo, ni kawaida. Zikiruka ruka ukiigongagonga kwa mpini wa bisibisi, itupe.

Hatua ya 3: pima balasti

Chomoa waya upande mmoja, pima, toa ile 0.4. Unategemea kitu kati ya omu 1.3 na 1.8. Mita isiposoma kitu, imekatika, nawe umepata jibu la gari linalozima ukiachia ufunguo. Tazama na kauri yenyewe: ufa mdogo wa unywele unaweza kupitisha umeme ikiwa baridi na kukata ikipata moto.

Kwa waya wa ukinzani uliofichwa, huna haja ya kufumua fungu lote. Hatua inayofuata itakuonyesha. Ila shika hili: waya huo urefu wake ndio kipimo chake. Ukiukata na kuufupisha umepunguza omu, na ukibadilisha kipande chake kwa waya wa kawaida umeondoa balasti bila kujua.

Hatua ya 4: pima moto unaofika kwenye koili

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami naomba usiharakishe. Mtu anafungua ufunguo, anaweka mita kwenye upande chanya wa koili, anaona volti 12, anasema hakuna balasti. Kumbe pointi zilikuwa wazi. Pointi zikiwa wazi hakuna umeme unaotembea, na umeme usiotembea hauachi kitu kwenye rezista. Utasoma 12 hata balasti ikiwepo.

Kwa hiyo lazima pointi ziwe zimefunga. Unaweza kuzungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya kranki mpaka zigusane. Mimi hupenda njia fupi: nachomoa waya mnene wa katikati upande wa distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, chenye pointi ndani yake) na kuugusisha kwenye chuma cha injini, ili cheche isije ikanirukia. Kisha nachukua kipande cha waya chenye kifuniko cha plastiki, naunganisha upande hasi wa koili na bodi. Kwa koili ni sawa na pointi kufunga. Nafungua ufunguo, nasoma, nazima. Isizidi sekunde kumi.

Betri nzima ina kama volti 12.5. Kwenye upande chanya wa koili:

Ukisoma karibu 6, una jozi halali: koili ya 1.6 na balasti ya 1.6, zimegawana nusu kwa nusu.

Ukisoma karibu 8, koili ni ya omu 3 na nyuma yake kuna balasti, iwe ya kauri au ya waya uliofichwa.

Ukisoma 12 au pungufu kidogo tu, hakuna balasti njiani. Kama hatua ya 2 ilikuonyesha koili ya omu 3, mambo ni mazuri. Kama ilikuonyesha 1.5, zima ufunguo sasa hivi.

Ukisoma 9 au 10, na koili ni ya omu 3, usikimbilie kusema ni balasti. Huenda swichi ya ufunguo imechoka au kuna kiungio kina kutu. Fuata waya kurudi nyuma kipande kwa kipande mpaka uone volti zinapopotelea.

Hatua ya 5: chagua jozi

Kama gari bado lina nyaya zake za awali, lirudishie jozi liliyozaliwa nayo. Hiyo ndiyo rai yangu, hasa kwa anayekaa kwenye baridi. Kwa asubuhi ya Julai kule Njombe au Limuru, cheche ya balasti iliyorukwa wakati wa stata inaokoa betri na inaokoa mgongo wa wasukumaji.

Lakini magari mengi yanayotufikia yamepita mikononi mwa mafundi kumi, na nyaya zake hazifanani na mchoro wowote. Kwa gari la namna hiyo, na hasa kama linaishi Pwani na betri ni nzima, koili ya omu 3 bila balasti ni chaguo la heshima. Sehemu za kuharibika zinapungua. Sharti moja: balasti iondoke kweli. Kauri uifungue, na kama ni waya uliofichwa, vuta waya mpya wa kawaida kutoka kwenye moto wa swichi mpaka koili, halafu ule wa zamani uufunge ncha zote mbili usiguse kitu.

Balasti mpya ukiinunua, ilenge koili yako. Jumla iwe kati ya omu 3 na 3.4. Koili ya 1.5 na balasti ya 1.6 ni ndugu. Koili ya 1.5 na balasti ya 0.8 si jozi ya pointi, hata kama imetoka kwenye gari linalofanana na lako.

Waliofunga moduli ya elektroniki ndani ya distribyuta wasome karatasi ya moduli kwanza, maana kila moja ina omu zake za chini kabisa inazozikubali. Na waya wa kuilisha moduli uchukuliwe kabla ya balasti, upande wenye volti 12 kamili. Ukiuchukua kwenye koili baada ya balasti, moduli itakufa njaa.

Hatua ya 6: waya wa kuruka balasti

Ukichagua balasti, waya huu ni wa lazima, vinginevyo umebeba mzigo bila faida yake. Unatoka kwenye kichwa kidogo maalumu cha solenoidi (swichi kubwa ya umeme) ya stata, au kwenye swichi ya ufunguo upande wa kuwashia, na unaishia upande chanya wa koili, yaani upande wa balasti ulio karibu na koili. Ukiufunga upande wa pili wa balasti haufanyi kazi yoyote.

Kuupima ni rahisi. Ukiwa bado umeugusisha waya mnene kwenye chuma, na kile kipande cha hatua ya 4 umekiacha kinaunganisha upande hasi na bodi, mwambie mwenzako apige stata sekunde tatu huku mita iko upande chanya wa koili. Usome volti karibu sawa na za betri yenyewe wakati huohuo, 9 au 10. Ukisoma 5, waya haupo au umekufa.

Kama solenoidi yako haina kichwa hicho, kuna kishawishi cha kuunga kwenye ule waya unaoamsha stata. Usifanye hivyo moja kwa moja. Ukiachia ufunguo, umeme utapita kwenye balasti, utarudi kinyumenyume kwenye waya huo mpaka solenoidi, na stata inaweza kubaki imeng'ang'ania injini ikiwa inazunguka. Tumia rilei, yaani swichi ndogo inayoamshwa na umeme: waya wa kuamsha stata uamshe rilei, na rilei ipeleke moto wa betri, kupitia fyuzi, kwenye koili.

Hatua ya 7: kufunga

Kwenye gari ambalo hasi ya betri ndiyo athi, yaani imeungwa kwenye bodi, chanya ya koili inapokea moto na hasi inakwenda distribyuta. Koili za zamani za Lucas zina SW na CB badala ya alama: SW ni ya swichi, CB ya distribyuta. Ukizigeuza gari litawaka, ndiyo, lakini cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka na utaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Balasti ifungwe kwenye chuma cha bodi, penye hewa, mbali na fungu la nyaya na bomba la petroli. Ikifanya kazi inatoa joto jingi na inaunguza kidole. Hiyo si hitilafu. Usiizungushie utepe.

Ukiwa hapo, badilisha pointi kama zina rangi ya buluu na zimeungua sawasawa kote, maana hiyo ni alama ya umeme uliozidi. Zikiwa na kishimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, mtuhumiwa ni kondensa, kile kikopo kidogo kilichounganishwa na pointi. Kwa Datsun yangu nafasi ya pointi ni kati ya milimita 0.45 na 0.55, la kwako angalia kitabu chake.

Hatua ya 8: barabarani

Rudisha waya mnene, ondoa kile kipande cha majaribio kwenye upande hasi (ukikisahau, gari halitawaka milele), uwashe. Endesha nusu saa, pamoja na mlima kama upo. Simama, zima, shika koili kwa kiganja. Ya moto kiasi cha chai unayoweza kuishika kwenye bilauri, sawa. Ukilazimika kutoa mkono kabla hujahesabu mbili, rudi hatua ya 4.

Baada ya kilomita 1,000 fungua kifuniko cha distribyuta utazame pointi tena. Zikiwa za kijivu safi, chukua kalamu ya wino usiofutika na kipande cha utepe, andika omu za koili na za balasti, ukibandike ndani ya boneti. Fundi atakayefungua boneti hilo siku haupo atajua anunue nini.